Kufufua Massey Ferguson 35 iliyoliwa na kutu Tanga: fungua kwanza, kuwasha baadaye

Mwanzisha uzi (Muheza)

Wakuu, habari za leo.

Ukizunguka Muheza, Ngomeni, Korogwe mpaka Pangani, kwenye mashamba ya mkonge ya zamani, hukosi kukuta trekta jekundu limeegeshwa nyuma ya banda, majani yameota hadi kwenye rimu, kiti kimebaki vyuma vitupu. Wapita njia wengi wanaona chuma chakavu cha kupima kwa kilo. Kila nikisikia moja limekatwa vipande kwa gesi likapakiwa kwenye Fuso, inaniuma sana, kwa sababu mengi yanakatwa yakiwa bado mazima kwa ndani.

Uzi huu ni kwa yeyote anayefikiria kuyafufua. Hoja yangu ni hii: hapa kwetu pwani, kutu unayoiona kwa macho siyo inayoua trekta. Kinachoua ni maji yaliyojificha ndani ya silinda, chini ya difu (gia za ekseli ya nyuma) na kwenye tenki. Kwa hiyo usikimbilie betri mpya, na rangi usiifikirie kabisa. Fungua kwanza.

Ninalofanyia kazi ni Massey Ferguson 35 ya mjomba wangu. Aliinunua shamba moja la mkonge lilipokuwa linauza vifaa vyake, akalimia mahindi, akavutia matela ya machungwa, kisha betri ikafa na hakuna aliyeshughulika tena. Masika zikapita juu yake, zikafuatwa na vuli.

Kabla ya kununua hata gasketi moja, jua una injini gani. Hizi 35 zilitengenezwa kiwanda cha Banner Lane, Coventry, Uingereza, kuanzia 1957 hadi 1964, zilipopokewa na modeli ya 135. Za mwanzo za dizeli zina injini ya silinda nne ya kampuni ya Standard. Mwaka 1959 wakaanza kufunga Perkins ya silinda tatu, na hiyo ndiyo iliyoipa sifa. Namna rahisi ya kujua ni kuhesabu mabomba membamba ya dizeli yanayoenda kwenye nozeli (vipulizia dizeli): manne ni Standard, matatu ni Perkins. Ukikuta ni Perkins, shukuru Mungu. Injini ya ukoo huohuo iliendelea kufungwa kwenye 135, na baadaye kwenye 240 za Pakistani ambazo zimejaa nchini, kwa hiyo ringi, pistoni, slivu (kuta za ndani za silinda) na gasketi bado zinapatikana Gerezani na Kariakoo, Dar es Salaam. Ya silinda nne ni injini nzuri pia, sema vipuri vyake vitakutembeza. Huko kwao ililaumiwa kwa kusumbua kuwaka asubuhi za baridi. Kwa joto la Tanga hilo halitusumbui sana.

Sasa injini. Bomba la moshi la 35 likisimama wima bila kifuniko, mvua inaingia moja kwa moja. Injini iliyosimama lazima kuna silinda ambayo valvu yake ya moshi imebaki wazi, na maji yanaishia humo, juu ya pistoni. Ndiyo maana mara nyingi unakuta silinda moja tu imeganda na nyingine zimekauka safi. Ya mjomba iliganda silinda ya kati. Nilipovua silinda hedi nikakuta juu ya pistoni ile kuna tope la rangi ya matofali, limeshikana kiasi kwamba nililichokoa kwa bisibisi. Silinda mbili za pembeni bado zilikuwa na oili inayong'aa ukutani.

Dawa ya kugandua ni subira. Nozeli zitoe, kisha mimina kwenye kila silinda mchanganyiko wa dizeli na ATF, ile oili nyekundu ya giaboksi za otomatiki, uache ikae. Ikipungua ongeza. Usipige pistoni kwa nyundo ya chuma hata iweje. Chonga gogo la mti mgumu linaloingia ndani ya silinda, weka juu ya pistoni, gonga kidogo, acha, kesho gonga tena. Kisha toa stata, ingiza mtaimbo kwenye meno ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) upitie tundu lile, usukume mbele na nyuma, mbele na nyuma. Siku inapocheza kiasi cha unene wa kucha ujue umeshinda, usiongeze nguvu. Irudishe nyuma, ongeza oili, endelea hivyohivyo.

Jambo moja ambalo watu wanalipita: kabla ya kuzungusha mzunguko mzima, hakikisha valvu zote zinapanda na kushuka. Valvu iliyogandia kwenye gaidi yake (bomba inamoteleza) haishuki wala haipandi, na pushirodi, fimbo inayoisukuma, ndiyo itakayopinda. Gonga kila valvu kwa kinyundo cha plastiki, paka oili, subiri.

Ukishamaliza juu, nenda nyuma. Kwenye hizi 35 giaboksi, haidroliki na difu vinakula oili moja, ndani ya nyumba moja. Pampu ya haidroliki imekaa chini kabisa humo ndani, imezama kwenye oili. Maji yakiingia kwenye mpira wa gialiva uliochanika, yanazama chini, na yanamkuta nani? Pampu. Ukifungua nati ya chini taratibu, trekta likiwa limetulia, maji hutoka kwanza, kisha oili. Hiyo ya kwangu ilitoka kama chai ya maziwa. Oili ya namna hiyo usiichuje ukairudisha. Mwaga kwenye chombo, osha ndani kwa dizeli, fungua kifuniko cha pembeni uangalie pampu na vyuma vya kontroli. Hii mikono mitatu ya nyuma ndiyo moyo wa trekta hili. Harry Ferguson ndiye aliyeibuni pamoja na mfumo wake wa haidroliki, na leo matrekta karibu yote duniani yanafunga jembe kwa mpango huohuo. Ukiwasha injini mikono ikakataa kupanda, unabaki na kitu cha kuvutia tela tu.

Kutu ya vyuma nitaieleza chini, najua mtauliza. Karibuni wadau, hasa mafundi.

Mdau wa Korogwe

Mkuu umeandika vizuri lakini unazungusha sana. Sisi huku trekta likiganda tunafunga mnyororo, tunalivuta na trekta lingine, gia ya tatu, klachi inaachiwa. Linawaka. Nimeshuhudia kwa macho yangu.

Mwanzisha uzi

Kaka wa Korogwe, nakubali umeona, na litakalowaka hivyo ni lile ambalo halijaganda, limeisha betri tu. Lililoganda ni jambo lingine. Ukivuta, nguvu yote ya tairi inapitia difu na giaboksi ikaishia kwenye pistoni moja iliyoshikwa na kutu. Lazima kitu kiachie. Kikiachia kizuri, ni ringi zinakatika. Kikiachia kibaya, ni konrodi inapinda au valvu iliyoganda inakutana na pistoni. Na hata lisipovunjika kitu, ile kutu ya ukutani inasagwa kuwa unga, unaingia kwenye oili na kwenda kula beringi za krenki. Litawaka, litalima msimu mmoja, kisha mtasema injini za zamani hazina maana.

Fundi wa pampu (Ngamiani)

Naunga mkono mwenye uzi. Nafanya kazi ya pampu na nozeli, ngoja niongeze upande wangu.

Perkins ya silinda tatu nyingi zina pampu ya CAV ya duara, ile ndogo iliyokaa ubavuni. Ikikaa muda mrefu dizeli iliyomo inageuka gundi. Ndani kuna valvu ndogo ya kupimia mafuta, nyembamba kuliko kidole cha mtoto, inayotakiwa kuzunguka kwa uhuru kabisa. Ikigandia imefungwa, injini haiwaki na mtabadilisha nozeli bure. Ikigandia imefunguka ni hatari zaidi: injini inawaka na kupanda mbio yenyewe, unarudisha aksereta haisikii, unavuta kizimio hakizimi.

Kwa hiyo siku ya kuwasha mara ya kwanza, toa mpira wa kuingizia hewa, na mtu mmoja asimame na kipande cha ubao bapa kinachoweza kuziba mdomo wote wa hewa. Ubao, siyo tambara, maana tambara linavutwa ndani. Injini ikikimbia, ziba. Dizeli bila hewa inazima. Na mtu huyo asiwe na kitu kingine cha kufanya, asishike simu kupiga video.

Tenki nalo lisisahaulike. Tanga unyevu unatonesha maji ndani ya tenki lisilojaa, yanakaa chini chini ya dizeli, kutu inaanzia hapo. Toeni tenki, tieni kokoto ndogo zenye ncha na dizeli kidogo, mlitikise mpaka mikono iume, mmwage, mrudie. Msipelekee fundi wa kuchomelea tenki lenye harufu ya mafuta.

Mwanzisha uzi

Fundi, asante sana. Hilo la ubao kila mtu alisome mara mbili.

Mfugaji wa Pongwe

Habari zenu kaka zangu. Mimi ni mfugaji, trekta sina, ila nina neno kuhusu kutu. Molasi tunayowapa ng'ombe inaondoa kutu vizuri sana. Marehemu baba alikuwa anaitumia kwa mapanga na minyororo. Unachukua sehemu moja ya molasi kwa sehemu tisa au kumi za maji, unazamisha chuma kwenye pipa la plastiki, unaacha wiki moja au mbili. Kinatoka cheusi, unakisugua kwa brashi na maji, kinabaki chuma kitupu. Harufu yake ni kali, weka mbali na nyumba, na funika maana nzi na nyuki watahamia.

Mwanzisha uzi

Dada, hilo ni la kweli kabisa na nimelitumia kwa boneti na madigadi madogo. Molasi inakula kutu na chuma chenyewe inakiacha karibu kama kilivyo, tofauti na tindikali ya betri ambayo baadhi ya vijana wanaipenda. Angalizo langu ni kwamba usitie kitu cha aluminiamu humo, na vyuma vya kumiminwa vikague kila baada ya siku chache, usivitupe humo ukavisahau.

Kwa vitu vidogo nina njia ya pili, ya umeme. Beseni la plastiki, maji, na magadi soda kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita 4. Chukueni ile ya unga mweupe (soda ash) wanayotumia watengeneza sabuni, siyo kostiki wala magadi ya mawe ya kupikia maharage, maana yale ya mawe yana chumvi ndani na chumvi ndiyo adui tunayemkimbia. Chaja ya betri ya zamani, isiyo na akili nyingi: waya wa hasi kwenye kipuri chenye kutu, waya wa chanya kwenye vipande vya nondo vilivyosimama kuzunguka beseni, visigusane na kipuri. Washa, utaona mapovu. Nondo zitaliwa, kipuri kitasafishwa. Fanyeni nje penye hewa, maana yale mapovu ni hidrojeni na inalipuka kwa cheche, na zima chaja kabla ya kugusa chochote. Badala ya nondo usiweke stenlesi hata kama ni nzuri kwa macho. Inatoa sumu ya kromiamu kwenye yale maji.

Sasa sikilizeni hili la chumvi, kwa sababu ndipo tunapotofautiana na watu wa Arusha au Mbeya. Upepo wa bahari unaleta chumvi, inajificha kwenye vishimo vya kutu. Ukisugua kwa brashi ya waya au grenda, chuma kinang'aa lakini chumvi imebaki mle vishimoni. Ukipaka rangi juu yake, baada ya masika moja utaona malengelenge, ukiyatoboa kuna maji ya kutu. Mtu analaumu rangi. Rangi haina kosa. Lazima chuma kioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa brashi, zaidi ya mara moja, kisha kikaushwe haraka na kupakwa oksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) siku hiyohiyo. Na maji yenyewe yawe ya mvua, yaliyokingwa kwenye mabati. Visima vingi vya huku chini karibu na bahari vina chumvi, ukioshea hayo unarudisha kilekile unachotoa. Maji hayohayo ya mvua yatumieni kwenye rejeta.

Kijana wa Makorora

Samahani wakuu, swali la kweli. Kwa gharama hizo zote si bora mtu akope akanunue trekta jipya au hata pawatila? Hii si kwa ajili ya kumbukumbu tu?

Mwanzisha uzi

Swali zuri mdogo wangu. Kama una hela taslimu na shamba kubwa, nunua jipya, sitakuzuia. Lakini wengi wetu tuna ekari chache, na trekta la farasi 37 hivi linalotengenezeka na spana, nyundo na mtu mwenye subira linatufaa sana. Halina kompyuta. Likikufia shambani saa kumi jioni, unalitengeneza hapohapo. Pawatila ni nzuri kwenye majaruba ya mpunga, kwenye udongo mzito wa Muheza uliokauka inachosha mashine na mtu.

Gharama zinategemea kitu kimoja: slivu na krenki. Kabla hujanunua kipuri chochote, fumua injini, peleka bloki na krenki kwa fundi wa kukereza apime. Krenki ikiwa na michubuko inasagwa na unanunua beringi nene zaidi zinazolingana nayo. Slivu ikiwa na vishimo vya kutu usikubali kupolishiwa, itolewe ifungwe mpya. Bloki ikiwa imepasuka kwa nje, hapo ndipo ukae chini ufikirie upya. Mengine yote yanavumilika.

Na kumbukumbu nayo siyo kitu kidogo. Mkonge uliletwa Tanga na Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, na kutokana na hiyo mkoa huu ukawa na korona (mashine za kusindika mkonge) na mashamba yasiyo na mwisho. Miaka ya sitini nchi yetu ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge. Matrekta haya yaliendeshwa na baba zetu na babu zetu. Kuyauza kwa kilo sikubaliani nako hata kidogo.

Mzee wa Ngomeni

Vijana hamjambo. Nimesoma yote na miwani. Mimi nilikuwa dereva wa trekta shamba la mkonge, hizi 35 nazijua, 135 nazijua.

Mmesahau sehemu mbili. Ya kwanza breki. Trekta lililolala, breki za nyuma hugandia kwenye ngoma. Mtu anasema gia haitoki kumbe ni breki. Na kila upande una pedali yake, zikaze zishike sawasawa, siyo moja inashika nyingine inateleza, hapo utapinduka kwenye mteremko na tela nyuma. Ya pili ni zile pini za mbele, za ekseli na za usukani. Chuchu (nipo) za grisi zikiziba watu wanaziacha. Zing'oeni, safisheni njia kwa waya, pampu grisi mpaka ya zamani itoke nyeusi, mwisho itoke safi. Sisi tulikuwa tunapampu kila asubuhi kabla ya kwenda kubeba mkonge, msimamizi alikuwa anakagua kwa kidole.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee wangu. Asante kwa darasa. Breki nilizifungua wiki iliyopita, upande wa kulia mabano ya viatu yalikuwa yameshikana na ngoma, ilibidi tuipashe moto ngoma kidogo kidogo ndipo ikaachia. Hizo pini za mbele nitazifuata kama ulivyosema.

Mzee wa Ngomeni

Marahaba. Ukiwasha niite.

Mdau wa Korogwe

Nimekuelewa mkuu, mnyororo nimeuweka pembeni. Ninayo 35 ya jirani, nimeanza kumimina ATF. Ila nati nyingi spana inateleza, namba 14 ndogo, 15 inalegea, naziharibu vichwa. Tatizo kutu?

Mwanzisha uzi

Kutu inachangia, lakini kubwa ni kwamba hizi ni nati za inchi, siyo za milimita. Tafuta seti ya spana za inchi: 7/16, 1/2, 9/16, 5/8 na 3/4 zitafungua sehemu kubwa ya trekta. Tumia ringi spana au soketi za pande sita, zile za pande kumi na mbili ndizo zinazokula kona. Pulizia oili jioni, asubuhi gonga kichwa cha nati kwa nyundo kabla ya kuweka spana, kisha jaribu kukaza kidogo kwanza ndipo ulegeze. Ikikataa, pasha moto nati yenyewe siyo boliti. Na boliti za zamani usizitupe hata kama zimechakaa, zifunge kwenye mifuko uandike kila moja ilipotoka, maana ukienda dukani na ya milimita itaingia mizunguko miwili, ikwame, na ukilazimisha inakula uzi wa bloki.